Kesi ya nyumba barazani: jinsi ya kulifanya Baraza la Ardhi lione unachokiona wewe

Wengi wanaokwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa mara ya kwanza huwa na picha moja kichwani: nikishapeleka malalamiko, Baraza litatuma watu mtaani, wahoji majirani, wapime, halafu lijue nani mkweli. Sivyo. Baraza lina nguvu nyingi za kuchunguza. Linaweza kumwita shahidi asiyetaka kuja, kuagiza karatasi iliyofungiwa kabatini kwa mtu iletwe, hata kuhamia uani kwako na futi kamba. Ila nguvu hizo zimelala. Wa kuziamsha ni wewe, kwa kuomba, tena mapema, na kwa sababu inayoeleweka.

Mimi si wakili. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya nje ya Baraza nikiwa nimemsindikiza ndugu au jirani, na ninayoyaandika hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Hatua ya 1: Hakikisha umegonga mlango wenyewe

Mabaraza ya wilaya yaliundwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Na. 2 ya mwaka 2002. Yanasikiliza migogoro ya umiliki, mipaka, upangaji, kutolewa kwenye nyumba na mingine inayogusa ardhi. Yana ukomo wa thamani: shilingi milioni 300 kama unataka kurudishiwa nyumba au kiwanja, na milioni 200 kwa madai mengine yanayohesabika kwa fedha. Ukizidi hapo, kesi ni ya Mahakama Kuu.

Angalia pia unamshitaki nani. Mgogoro wako ukiwa na halmashauri, wizara au shirika la umma, Baraza la wilaya si mahali pake: unatoa kwanza notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na unafungua Mahakama Kuu. Namfahamu mzee mmoja aliyehudhuria tarehe baada ya tarehe karibu mwaka mzima, kesi ikaja kuondolewa kwa pingamizi la awali la dakika kumi, yaani hoja ya kisheria inayoletwa kabla ya ushahidi kusikilizwa, kwa sababu mlalamikiwa wa pili alikuwa halmashauri. Hakuna aliyemwambia siku ya kwanza.

Na usikae na mgogoro hadi uote nyasi. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Hatua ya 2: Pita Baraza la Kata, na utoke na karatasi

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi. Kazi yake ni kupatanisha. Hata hivyo huwezi kuliruka: Baraza la wilaya halisikilizi shauri linalogusa umiliki au maslahi katika ardhi mpaka kata ithibitishe kwa maandishi kwamba imejaribu kuwapatanisha ikashindwa. Siku 30 zikipita tangu ulipopeleka shauri kata bila suluhu, unaruhusiwa kwenda wilayani hata bila cheti hicho.

Hapo ndipo watu huteleza. Wanakwenda kata kwa maneno ya mdomo, wanaambiwa “njoo Alhamisi”, Alhamisi inafika mjumbe mmoja tu, na mwezi unapita hivyo. Siku 30 huwezi kuzidai kama hakuna karatasi inayoonyesha zilianza lini. Andika barua ya malalamiko nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri na tarehe irudi mkononi mwako. Upande wa pili ukikataa kuja kwenye usuluhishi, usigombane na mtu. Omba cheti kieleze kwamba upande huo uliitwa haukuja.

Hatua ya 3: Andika maombi ambayo mtu asiyekufahamu anaweza kuyafuata hadi mlangoni

Kesi barazani huitwa maombi. Wewe ni mwombaji, unayemlalamikia ni mjibu maombi. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2003, fomu inataka majina na anwani za pande zote, mahali nyumba ilipo, kiini cha mgogoro, makadirio ya thamani, na unachoomba upewe. Inaonekana rahisi, lakini kesi nyingi hufia kwenye hilo la pili.

Mtu anaandika: “Nyumba yangu iliyopo Mtaa wa Mji Mpya.” Mtaa una nyumba mia nne. Baraza likikupa ushindi kwa maneno hayo, dalali atakayekuja kutekeleza hukumu atasimama kwenye kona na karatasi mkononi, hajui abomoe ukuta upi. Rufaa zimefuta hukumu kwa sababu hiyo hiyo, kesi ikaanza upya baada ya miaka.

Kama kiwanja kimepimwa, andika namba ya kiwanja, kitalu na eneo kama vilivyo kwenye hati, na usikosee hata tarakimu. Kama hakijapimwa, eleza mipaka ya pande nne: “Nyumba ya vyumba vinne, bati jekundu, kaskazini imepakana na nyumba ya fundi cherehani, kusini njia ya miguu iendayo kisimani, mashariki uzio wa michongoma, magharibi mfereji wa maji ya mvua.” Taja majirani kwa majina yao. Weka ukubwa, hata wa kupima kwa hatua. Mgogoro ukiwa juu ya sehemu tu ya kiwanja, eleza sehemu hiyo peke yake: upana wake, urefu wake, iko upande gani. Ukimaliza, mpe kijana asiyeujua mtaa wenu aisome akiwa amesimama kituo cha daladala, halafu umwambie aende. Akifika kwa jirani, rudi ukaandike upya.

Kwenye unachoomba, orodhesha kila kitu: kutangazwa mmiliki halali au mpangaji halali, mvamizi aondoke, vitu virudishwe, fidia, gharama za kesi, na ule mstari wa mwisho uliozoeleka wa “nafuu nyingine yoyote Baraza litakayoona inafaa”. Usitegemee Baraza likupe usichokitaja.

Ada hulipwa kwa kontroli namba utakayopewa masijala. Stakabadhi itunze pamoja na nakala ya maombi iliyogongwa muhuri.

Zuio, kama moto umeshawaka

Mwenye nyumba ameahidi kung'oa mabati Jumamosi, au jirani ameshamwaga mchanga na nondo kwenye mpaka mnaogombea? Pamoja na maombi ya msingi, peleka maombi madogo ya zuio la muda, lile ambalo mtaani tunaliita stopu oda, yenye hati ya kiapo na hati ya dharura. Kwa lugha ya kawaida Baraza litajiuliza mambo matatu. Je, kuna hoja ya kweli ya kusikilizwa hapa? Je, huyu akiumia sasa, pesa itakuja kumponya baadaye? Na nani ataumia zaidi, zuio likitolewa au likinyimwa? Jibu hayo kwenye kiapo chako kwa tarehe na matukio. “Nitapata hasara kubwa” ni maneno matupu. “Nyumba ina watoto watatu wa shule, na tarehe 4 mjibu maombi alishaondoa mlango wa mbele” ni jambo la kushika.

Hatua ya 4: Hakikisha wito umefika, na wewe ufike

Mjibu maombi akipokea wito ana siku 21 za kuleta majibu yake kwa maandishi. Wengine hukimbia wito huo, yaani samansi, kama mtu anayemkimbia mkopeshaji. Asipotaka kuipokea, anayeipeleka aandamane na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, kisha aandike alichokiona: alifika saa ngapi, alimkuta nani, aliambiwa nini. Maelezo hayo yarudi kwenye jalada. Bila ushahidi kwamba wito ulifika, Baraza haliwezi kusikiliza upande mmoja, na likifanya hivyo kazi yote inaweza kufutwa.

Kutofika kwako kunaadhibiwa vikali kuliko kutofika kwa mwenzako. Yeye asipokuja na wito ulimfikia, unasikilizwa peke yako. Wewe usipokuja bila sababu ya msingi, maombi yanatupwa. Ukiumwa, tuma mtu na cheti cha daktari asubuhi hiyo hiyo. Aliyehukumiwa bila kuwepo ana siku 30 za kuomba uamuzi huo utenguliwe, akiwa na sababu inayosimama.

Hatua ya 5: Amsha nguvu za uchunguzi

Shahidi asiyetaka kuja. Mtu unayemhitaji pengine ni afisa ardhi aliyepima, mtendaji aliyeshuhudia mauziano, au mhasibu wa benki. Ukimfuata kwa urafiki atakwambia “nitaangalia”. Mtumishi wa umma hawezi kumuaga bosi wake kwa sababu wewe umemwomba. Samansi ya Baraza inampa sababu, na tena inamwondolea lawama ya kwamba ameegemea upande. Omba samansi hizo tarehe ya kusikilizwa ikipangwa tu, wala usingoje siku yenyewe. Uwe tayari kugharamia nauli yake.

Karatasi iliyo kwa mwenzako. Mara nyingi mkataba halisi uko kwa mwenye nyumba, wewe una nakala kivuli yake. Ukitoa kivuli bila maelezo kitapingwa. Mwandikie kwanza upande wa pili notisi ya kuutaka utoe nakala halisi, nakala ya notisi iende kwenye jalada. Wakikataa, una njia ya kuomba kivuli kipokelewe. Nyaraka ambayo hukuiambatisha mwanzoni bado inaweza kupokelewa kabla shauri halijamalizika kusikilizwa, mradi mwenzako apewe nakala na uhalisi wake uangaliwe. Kanuni za Baraza si kali kama za mahakama, lakini kuchomoa karatasi mfukoni dakika ya mwisho hakumfurahishi mtu.

Mkataba wa pango usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe. Ushuru huo ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na unalipwa TRA. Ukichelewa unaweza kuongezewa adhabu, lakini mkataba unapona. Nenda ukalipe wiki kadhaa kabla ya tarehe, kwa sababu wakili wa upande wa pili hiki ndicho cha kwanza atakachokitazama. Kwa ujumbe wa WhatsApp na miamala ya M-Pesa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa namna hiyo, ila uhalisi wake lazima uonyeshwe. Njia iliyozoeleka ni kuapa hati ya kiapo inayoeleza simu ni ya nani, ujumbe ulichapishwaje, na kwamba haukuguswa. Taarifa ya miamala iombe kwenye kampuni ya simu yenyewe. Picha ya kioo cha simu ni dhaifu.

Kwenda kuona eneo. Hii ndiyo nguvu inayopendwa kuliko zote na inayotumika vibaya kuliko zote. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwamba kutembelea eneo la mgogoro ni jambo la nadra, lifanyike pale tu ushahidi wa mdomo na karatasi umeshindwa kuondoa utata. Likifanyika, pande zote ziwepo, na mawakili wao kama wapo, na mashahidi wanaohusika. Vipimo vichukuliwe mbele ya wote. Yaliyoonekana yaandikwe, kisha yasomwe ili kila upande uyakubali au uyapinge. Mwenyekiti hapiti peke yake jioni akitoka kazini akachungulia.

Shangazi yangu aligombana na jirani juu ya mita moja na nusu ya uani. Yeye na mashahidi wake wote walisema mpaka ni “ukuta wa zamani”. Baraza likakubali kuja. Asubuhi tukasimama uani: mwenyekiti na viatu vyake vyeusi kwenye matope, wajumbe wawili, karani ameshika jalada na futi kamba. Mwenyekiti akauliza swali moja, “Ukuta wa zamani ni upi?” Kimya. Ukuta ulishabomolewa. Msingi wake uko chini ya sakafu ya choo cha jirani, na mtu pekee aliyejua mahali hasa ulipopita ni fundi aliyeujenga, ambaye hakuitwa, na siku ile alikuwa Morogoro kwenye kazi nyingine. Karani akapima umbali kutoka kwenye choo hadi kwenye mwembe, mwembe hadi dirishani kwa shangazi, akaandika. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa na havikusaidia chochote. Shangazi alidhani uwanja utajieleza wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuomba Baraza lije, tembea eneo na kila shahidi peke yake umwambie akuonyeshe kwa kidole alichokitaja kwa mdomo. Kama alama imeondoka, tafuta aliyeiweka au aliyeiona ikiondolewa, na awe ameshatoa ushahidi barazani kabla ya safari. Kule eneoni watu wanaonyesha tu. Anayeanza kusimulia habari mpya uani anaharibu kesi yake mwenyewe. Omba pia kwa maandishi, ukitaja utata wenyewe: “Shahidi wa pili na wa tatu wametofautiana mahali bikoni (jiwe la mpaka) ilipo.” Ombi la “Baraza lije lijionee” ni jepesi kukataliwa.

Hatua ya 6: Siku ya kusikilizwa

Baraza linaketi na mwenyekiti, ambaye ni mwanasheria, pamoja na wajumbe washauri wawili, wale ambao watu huwaita wazee wa baraza hata kama ni dada wa miaka thelathini na tano. Mwenyekiti atasoma na kueleza maombi yako, mjibu maombi aseme anakubali lipi na anakana lipi. Halafu hupangwa viini vya mgogoro, maswali mawili matatu ambayo hukumu itayajibu. Viandike kwenye daftari lako. Ushahidi wako wote kuanzia hapo uelekee kwenye maswali hayo, hata kama moyoni una mengine kumi kuhusu tabia ya jirani.

Ongea Kiswahili, polepole. Mara nyingi mwenyekiti anaandika kwa mkono kila unachosema, na kisichoandikwa hakikusemwa. Kalamu yake ikisimama, endelea. Ukiwa na karatasi, eleza kwanza ni nini, uliipataje, ndipo useme: “Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba Baraza lipokee nyaraka hii kuwa kielelezo.” Karatasi iliyobaki kwenye jalada bila kupokelewa hivyo haihesabiki, na hili limewaangusha watu wenye hati halali kabisa.

Zamu ya kumhoji shahidi wa upande wa pili usiipoteze kwa hasira. Jambo alilolisema dhidi yako ukaliacha bila kulihoji linaweza kuchukuliwa kwamba umelikubali. Uliza maswali mafupi: “Siku ya mauziano ulikuwepo? Nani mwingine alikuwepo? Ulisaini wapi?” Hotuba zisubiri.

Wajumbe waangalie pia. Waliokuwepo mwanzo ndio wanaotakiwa kuendelea. Mmoja akikosekana, mwenyekiti anaweza kumalizia na aliyebaki, lakini si kuingiza mgeni katikati ambaye hakumsikia shahidi wa kwanza. Kabla ya hukumu wajumbe hutoa maoni kwa maandishi, na maoni hayo yanasomwa mbele yenu. Mwenyekiti halazimiki kuyafuata, ila akitofautiana nayo anatoa sababu. Mahakama ya Rufani imefuta hukumu nyingi kwa sababu maoni hayakusomwa kwa wahusika. Ukiona tarehe ya hukumu imepangwa bila siku ya maoni, simama uulize kwa heshima. Hata ukiwa na uhakika wa kushinda, uliza. Ushindi wenye tundu hilo mwenzako atautoboa kwenye rufaa.

Huna wakili? Unaruhusiwa kujisimamia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mashirika kama TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia kuandika nyaraka.

Hatua ya 7: Baada ya hukumu

Siku hiyo hiyo andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, igongwe muhuri. Hata mshindi aandike. Rufaa inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na barua yako ndiyo itakayoonyesha siku ulizopoteza ukisubiri nakala.

Ukishinda, mjibu maombi hahami kwa sababu hukumu imesomwa. Unapeleka maombi ya kukazia hukumu, Baraza linamwamuru atekeleze ndani ya siku 14, asipotii anateuliwa dalali. Usimwondoe mwenyewe kwa vijana wa mtaani. Utageuka mshitakiwa polisi ukiwa na hukumu yako mfukoni.

Dalali akija, uwepo. Njoo na nakala ya tuzo, ile yenye mipaka ya pande nne uliyoiandika kwa uangalifu kwenye hatua ya 3, na fundi wa makufuli. Mwombe mwenyekiti wa mtaa ashuhudie vitu vikitolewa, viorodheshwe kimoja kimoja hadi ndoo na mwiko, na orodha isainiwe hapo hapo kabla kufuli jipya halijafungwa.